Jumatatu Tisa za Enid Barraclough

Watu wa Skelderby wakikuambia Enid Barraclough alikuwa mama mpole, wasikilize mpaka mwisho, kisha waulize kuhusu Bwana Lumb. Utaona wanavyoanza kutazama viatu vyao, na midomo inavyowacheza.

Enid alikuwa na duka la samaki na chipsi katika Mtaa wa Kirk, mlango wa kijani unaotazamana na kanisa la Wamethodisti. Alilirithi kwa mama yake pamoja na makarai mawili, koleo la chipsi na sheria moja: Jumatatu hatukaangi. Jumapili mashua hazishushi kitu kule pwani, kwa hiyo samaki wa Jumatatu ni yuleyule wa Ijumaa aliyevalishwa nguo mpya, na mama yake Enid hakuwa mtu wa kumdanganya mteja kwa rojo la unga. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni ile aliijua sheria hiyo kama anavyojua jina la mamake. Mimi niliijua wiki ya kwanza niliyohamia Yorkshire. Nilikwenda Jumatatu na tumbo tupu, nikakuta mlango umefungwa na paka amekaa kizingitini ananitazama kwa dharau.

Sasa, kisa chenyewe kinahusu neno moja. Waingereza wana kineno kimoja, set, herufi tatu tu, ukikiona njiani utakipita bila salamu. Lakini tufikirie sisi na piga letu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga miayo, tunapiga kura, na hakuna anayeumia, labda kwenye kura. Basi hicho chao ni hivyohivyo, ila kimezidi ukorofi.

Enid aligundua ukorofi huo mwaka sitini na mbili, jioni moja ya Alhamisi. Karai la pili lilikuwa limezimwa, na mafuta ya ng'ombe yameshaganda, meupe kama theluji. Akasema, bila kumwambia mtu, kwamba mafuta yame-set. Kwenye foleni muuguzi wa wilaya alikuwa akisimulia jinsi alivyouunga mkono wa mkulima uliovunjika, na kuunga huko nako kulikuwa set. Nyuma yake Clifford Pickles, fundi bomba, alikuwa akilalamika kwamba saruji yake inakataa kukauka, set tena. Na bibi mmoja mlangoni akaomba awekewe kando kipande cha mkia, na kuweka kando kwenyewe, hakika, set. Enid alisimama na koleo hewani. Neno moja, vinywa vinne, kazi nne, na foleni haijasogea hata hatua.

"Enid, mpenzi, hizo chipsi zinaungua," alisema Pickles. Kule kila mtu ni mpenzi, hata konda wa basi anayekushusha kwenye mvua.

"Ziache ziungue," alisema Enid, akachana kipande cha karatasi ya kufungia samaki, akaandika.

Ndivyo ilivyoanza. Mjini palikuwa na Chama cha Maneno, watu kumi na watano hivi waliokutana juu ya maktaba kila Alhamisi ya pili ya mwezi, wakikusanya maneno ya watu wa bonde lile kabla hayajazikwa pamoja na wenyewe. Utaratibu wao ulikuwa mkali. Kila kikaratasi kilikuwa na mistari mitano: neno, sentensi nzima kama ilivyosemwa, mdomo uliosema, mahali, na siku. Mwenyekiti alikuwa Bwana Cuthbert Lumb, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya wavulana, mtu wa koti la sufu na shingo ndefu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisimama mbele na kusema, "Karatasi isiyo na mdomo na siku, mimi naitupa kapuni." Kumbuka maneno hayo. Watu waliyakumbuka.

Enid akajiunga nao. Wenzake walikusanya maneno ya kila aina. Yeye, aliyeacha shule na miaka kumi na minne ili akamenye viazi, alichukua neno moja tu na akalikamata miaka kumi. Foleni ilimletea kila kitu. Mkulima aliyemlaza kuku juu ya mayai. Mwenye meno ya bandia aliyeyasahau kwa dada yake. Mchoraji wa pazia za michezo ya kanisani. Wawindaji wanaojua shimo la nyegere liko wapi. Mama aliyemlilia binti yake kwa sababu ameshaamua kuolewa na kinyozi na hakuna wa kumgeuza. Wote hao, neno lilelile. Enid aliandika juu ya karatasi ya kufungia, akarudi nyumbani, akanakili kwa wino, akatia ndani ya kopo la biskuti. Yalifika makopo matatu, vikaratasi mia sita na kumi na viwili.

Na kati ya hivyo, arobaini na kimoja vilikuwa na mdomo mmoja: Arthur Barraclough.

Arthur alikuwa mumewe, fundi wa kuta za mawe, zile zinazopanda vilima bila saruji, jiwe likishikwa na jiwe. Alikuwa mtu wa maneno matano kwa siku, na mawili kati ya hayo ni "chai" na "asante." Alipoona mkewe ameanza kuvizia neno, akawa anamletea moja moja kutoka mlimani, kama mwanamume mwingine anavyomletea mkewe maua. Anaingia, anavua buti, anatia miguu ndani ya beseni la maji moto, ananyamaza dakika kumi. Kisha anasema, "Lile jiwe nimeli-set Ijumaa na bado linaninung'unikia." Enid anaandika. Mdomo, Arthur. Mahali, jikoni. Siku, fulani. Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao, na usicheke, wapo waliooana kwa sherehe kubwa wasiopata hata hayo.

Kifua kilimchukua Arthur mwaka sitini na tisa, wakati wa baridi. Enid hakuwa na kanda ya sauti yake, na kwenye picha zote mbili alizopigwa amefumba macho. Alikuwa na vile vikaratasi arobaini na kimoja.

Majira ya kuchipua ya mwaka sabini na mbili, Bwana Lumb alikuja nyumbani kwake. Hakuja dukani. Dukani hakuwahi kutia mguu maisha yake yote, maana harufu ya mafuta, alisema, hukaa kwenye sufu wiki nzima. Samaki alikula, tena kila Ijumaa, lakini aliyemfuata ni mkewe Muriel, saa kumi na moja na nusu, na kikapu chake cha kitambaa.

"Bi Barraclough," alisema, "kazi yako inahitaji mkono wa mtu aliyesoma. Niazime makopo nikupangie."

"Utavitunza, Bwana Lumb?"

"Kama macho yangu."

Alimpa. Mwaka ukapita, na miezi sita juu yake. Kila akiuliza aliambiwa upangaji si kazi ya kukurupuka. Kisha Jumapili moja ya Oktoba, Bwana Lumb akaja kwa mlango wa nyuma na makopo matatu yamebebanishwa.

"Nimekurudishia vyombo vyako. Nimeweka na kitu kidogo humo."

Enid akafungua la kwanza. Biskuti za tangawizi. La pili, biskuti za tangawizi. La tatu hakulifungua.

"Na vikaratasi?"

"Ah, vile vilishamaliza kazi. Nilivichoma bustanini pamoja na majani. Usijali, kila kitu kimo kitabuni." Akamwekea mezani kitabu chembamba chenye jalada la bluu. Neno Lenye Miguu Mingi, mwandishi C. H. Lumb.

Enid alikisoma Jumanne, amesimama mbele ya karai. Sentensi zake zote zilikuwamo, zimepangwa vizuri, siwezi kusema uongo, mtu yule alijua kupanga. Lakini hapakuwa na mdomo hata mmoja. Hapakuwa na Pickles, hapakuwa na muuguzi, hapakuwa na siku wala mahali. Ukurasa wa hamsini na saba akaliona lile jiwe linalonung'unika, na chini yake maandishi madogo: mwandishi aliisikia kwa wajenzi wa kuta. Enid akarudia kusoma. Arthur alisema maneno yale miguu yake ikiwa ndani ya beseni. Hakukuwa na mwandishi chini ya meza.

Akafungua mwanzo kutafuta jina lake. Profesa fulani ameshukuriwa. Mkutubi ameshukuriwa. Mwisho kabisa palikuwa na mstari: "Shukrani ziwaendee pia akina mama wanaotuandalia chai."

Siku hiyo Enid aliunguza samaki, mara ya kwanza katika miaka ishirini.

Habari haikai mahali penye foleni. Ijumaa ile watu walikuwa wamefika mpaka nje kwenye mvua, na wote walikuwa wameshakisoma, au wamesomewa na aliyekisoma.

"Yale ya saruji ni maneno yangu," alisema Pickles. "Maneno yangu kabisa, mpaka tusi nililolitia, yeye kalitoa. Enid, niruhusu. Nitapita kwake na ndoo ya njegere za kupondwa nizimimine zote kwenye tundu la barua."

"Njegere zinafutika, Clifford."

"Basi mkia wa samaki, nyuma ya hita. Mimi ndiye ninayemfungia hita zake."

"Harufu nayo inaisha." Enid alitia siki, akatia chumvi, akafunga. "Mimi nataka kisichoisha. Nataka asimame mbele ya watu ajivue mwenyewe, kifungo kwa kifungo, na asiwepo wa kusema nilimgusa. Chukua samaki wako, unazuia watu."

Akaendelea kukaanga. Akaendelea kwenda kwenye Chama na kumimina chai, tena akimuuliza Bwana Lumb sukari ngapi. Wasiomjua walisema ameshasamehe. Waliomjua walianza kuwahi foleni, wasije wakakosa chochote.

Nafasi ikaja yenyewe, Januari ya mwaka uliofuata. Kitabu kile kilimfikia Profesa Garside wa chuo kikuu, mwanamke wa nywele za mvi zilizokatwa kama za mwanajeshi, naye akakipenda. Akaandika barua kwamba Bwana Lumb angefikiriwa kupewa medali ya heshima na kitabu kichapishwe upya kwa ukubwa wake, ila kwa sharti moja. Matumizi mapya yaongezwe, na hayo mapya yaje na mistari yake yote mitano, maana utaratibu wa Chama ni mistari mitano.

Bwana Lumb akaja tena kwa mlango wa nyuma.

"Bi Barraclough, masikio yako bado mazima?"

"Yanasikia, Bwana Lumb."

"Nipatie kama kumi hivi. Mapya. Safari hii usisahau mdomo na siku."

"Sijawahi kusahau," alisema Enid. "Na jina la aliyesikia, je? Utaniandika?"

"Tutaona, tutaona," alisema Bwana Lumb, akitazama saa yake.

Hapo ndipo ungempenda Enid. Maana mtego alioutengeneza ulikuwa wa haki. Mwezi wa Mei alitunga matumizi tisa ya uongo, na kila moja akaliandika kwa mwandiko wake mzuri: mdomo wa mtu wa kweli, mahali ni foleni ya duka lake, na siku, kwenye yote tisa, Jumatatu. Jumatatu ya tarehe nne Machi, ya tarehe kumi na moja, ya kumi na nane, na nyingine, Jumatatu tupu. Mtu yeyote aliyewahi kununua chipsi Skelderby angesoma neno lile moja na kucheka. Na hata asiyewahi kununua, kama angeandika ukweli, kwamba haya ni masikio ya Enid Barraclough, profesa angemwendea Enid, na Enid angesema ni mzaha, tuvichane. Mtego haukuweza kumnasa mwingine ila mwizi.

Uongo wenyewe aliutunga na foleni. Wiki nzima duka lilikuwa kama shule ya watundu.

"Andika hivi," alisema Pickles. "Fundi bomba akigonga bomba mara mbili kumsalimu fundi aliyeko nyumba ya pili, huko ni ku-set."

"Mnasalimiana kwa kugonga mabomba?"

"Hatujawahi. Lakini nitaanza."

Muuguzi akatoa lake: ule ukimya wa baba anayeambiwa ni mapacha. Enid akatoa la nane, la wakaangaji, kumtazama samaki kwa ukali mpaka aone haya abadilike rangi. Na la tisa alilitunga peke yake, akipangusa kaunta. Set, jina la mtu: mwanamume anayekula samaki kila wiki asijue mlango wa duka uko upande gani.

"Hilo atalijua," alisema Pickles.

"Hatalijua. Hajawahi kudhani kuna neno linalomhusu yeye."

Palikuwa na shimo moja tu, na Enid alilijua. Muriel Lumb. Muriel ndiye aliyekuwa akimpigia mumewe chapa, na Muriel alikuwa mteja wa Ijumaa tangu enzi za mama yake Enid. Angeliona neno Jumatatu na angemwambia mumewe, na kila kitu kingemwagika. Wiki mbili Enid alimhudumia bila kumtazama usoni.

Ijumaa ya tatu Muriel aliweka kikapu chake juu ya kaunta. "Wawili, Enid, kama kawaida." Kisha, akiwa anafunga kitambaa, bila kuinua kichwa: "Jana nimemaliza kupiga chapa. Mistari mitano mitano. Nimepiga Jumatatu tisa."

Foleni nzima ikasogea karibu.

"Na masikio ni ya nani?" aliuliza Enid.

"Mwandishi. Mwandishi. Mwandishi. Mara tisa." Muriel akachukua kikapu. "Miaka thelathini na mbili nampigia chapa, na kitabu kile cha kwanza alinishukuru mimi vilevile. Kwenye chai. Niongezee siki kwa wangu, mpenzi, wa kwake muache."

Sherehe ilifanyika Jumamosi moja ya Septemba, saa tisa mchana, kwenye ukumbi wa Taasisi ya Mafundi. Viti mia na ishirini, na wenye kuja wakawa zaidi, wengine wamesimama ukutani na kofia mikononi. Bwana Lumb alifurahi sana kuona umati ule. Alidhani ni mapenzi ya elimu. Laiti angegeuza kichwa vizuri angeona ameketishiwa foleni ya Mtaa wa Kirk, kuanzia kaunta mpaka nje kwenye mvua.

Enid alikuwa pembeni, kwenye meza ya chai, na aproni yake safi.

Profesa Garside alikaa jukwaani, medali ndani ya kiboksi mbele yake, kurasa zilizopigwa chapa mapajani. Bwana Lumb alizungumza nusu saa juu ya unyenyekevu wa mtafiti. Alisema mtafiti wa kweli hakai maktaba, hujichanganya na watu. Alisoma la fundi bomba, kisha la mapacha, na wazee wakainamisha vichwa, wakauma midomo. Halafu akanyoosha koti, akasoma la tisa, kwa sauti ya kanisani: set, jina la mtu, mwanamume anayekula samaki kila wiki asijue mlango wa duka uko upande gani.

"Hili nalipenda mno," alisema Bwana Lumb. "Lina kejeli halisi ya watu wa hapa. Nililisikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Utaratibu wa kule ndio huo, kitu kikichekesha kweli wananyamaza.

"Linavutia," alisema profesa. "Hebu nieleze ilikuwaje. Ulikuwa wapi hasa?"

Angeweza kusema kifupi. Lakini mtu mwenye ukumbi uliojaa hasemi kifupi.

"Foleni ilikuwa imefika mlangoni," alisema. "Madirisha yamejaa mvuke. Nilikuwa wa sita au wa saba. Mbele yangu huyu fundi wetu, Pickles, na ndiye aliyelitamka. Na Bi Barraclough, yule pale, alinifungia samaki wangu kwa mkono wake na kunitilia siki. Naiona siku hiyo kama jana."

Profesa akashusha macho kwenye karatasi. "Jumatatu, tarehe nne Machi."

"Jumatatu, naam. Mimi hupenda Jumatatu. Foleni ya Jumatatu ina maneno mazuri kuliko zote."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Profesa akageukia meza ya chai, kwa adabu tu, kama mtu anayemshirikisha mpishi. "Nawe Bi Barraclough, unaikumbuka siku hiyo?"

Enid akaweka birika chini. Akapangusa mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole. Miezi kumi na mmoja alikuwa ameusubiri ule ukimya, na sasa aliukalia kama kiti chake.

"Siwezi kuikumbuka, profesa," alisema. "Jumatatu nafunga."

"Siku hiyo ulifunga?"

"Jumatatu zote."

"Tangu wakati wa mama yake," alisema Pickles, kwa sauti ya kusaidia. "Mashua hazishushi Jumapili. Sote tunajua. Tunaonunua."

Profesa Garside alirudi kwenye kurasa zake. Alilamba kidole, akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Ukumbi mzima ulimsikiliza akifunua. Alipofika wa tisa alifunga kiboksi cha medali, na kile kibonyezo kikalia tik, kikasikika mpaka kwenye viti vya nyuma.

"Bwana Lumb, vikaratasi vya asili viko wapi? Vya kitabu cha kwanza?"

Bwana Lumb alinyoosha koti tena. Shingo ile ndefu ilikuwa imebadilika rangi kuanzia chini, taratibu, sawasawa na samaki wa la nane. Aliyejibu ni Muriel, mstari wa mbele, mkoba mapajani.

"Alivichoma bustanini, profesa. Na majani. Mia sita na kumi na viwili, na vyote vilikuwa vya Enid. Mimi nilivihesabu wakati nikichapa."

"Muriel," alisema Bwana Lumb.

"Nipo," alisema Muriel.

Enid akainua birika tena. "Chai ipo tayari," aliwaambia watu. "Bwana Lumb, wewe sukari mbili, si ndiyo?"

Alipita na kikombe katikati ya ukumbi, akampelekea jukwaani, na Bwana Lumb ilimbidi akipokee, akabaki amekishika mpaka alipopata mahali pa kukiweka. Watu wanasema Enid alitabasamu. Si kweli. Nilikuwa ukutani, kofia mkononi. Alimtazama tu.

Baadaye profesa alimfuata jikoni, akamuuliza kama kuna njia ya kuvirudisha vile vikaratasi. Foleni ilivirudisha. Miezi minne watu walipanga mstari, Pickles akidai tusi lake lirudishwe, kila mtu akisema sentensi yake upya na kutia sahihi mdomo wake. Waliokwisha kufa walisemewa na watoto wao. Na vile arobaini na kimoja Enid hakuhitaji kusaidiwa. Alikaa jikoni Jumatatu moja, duka limefungwa, beseni likiwa palepale chini ya meza, akaviandika vyote mpaka saa ya chakula cha mchana, bila kukosea siku hata moja.

Kitabu kipya kilitoka mwaka sabini na sita, kinene, na mbele yake jina la Enid Barraclough, na ndani yake kila sentensi na mdomo wake. Ukurasa wa shukrani aliuandika mwenyewe. Aliwataja wote, foleni nzima, na Muriel kwa kupiga chapa. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kidogo, kuna mstari: "Shukrani zimwendee pia Bwana C. H. Lumb, aliyeleta biskuti."

Profesa alimuuliza kama hataki kuutoa ule mstari. Akasema hataki.

Ijumaa moja baada ya hapo, saa kumi na moja na nusu, mlango wa kijani ulifunguka, akaingia Bwana Lumb na kikapu cha kitambaa. Muriel alikuwa amegoma kwenda, kwa hilo na mengine. Bwana Lumb alitazama huku na huku kama mtu aliyeingia msikitini na viatu, akaenda moja kwa moja kaunta.

"Foleni inaanzia kule nje, Bwana Lumb," alisema Enid.

Akatoka. Akasimama kwenye mvua nyuma ya watu kumi na wanane, sufu ikilowa, na hakuna aliyemsogezea nafasi wala aliyemsemesha. Ilipofika zamu yake alikuwa anatiririka maji.

"Wawili," alisema. Kisha akainama juu ya kaunta, kwa sauti ya chini, na akatumia neno lenyewe, lile lile dogo. "Ulinitegea, Enid. Uliniwekea mtego."

Pickles, nyuma yake, akachomoa kalamu ya risasi sikioni na kumnyooshea Enid. Penseli na karatasi ya kufungia, vyote vipo, na mdomo ule haukuwahi kuandikwa popote.

Enid aliifikiria kidogo. Akaigeuza ile sentensi kichwani kama anavyomgeuza samaki. Kisha akairudisha kalamu.

"Hiyo ninayo," alisema. "Ya Arthur, mwaka sitini na tano. Alikuwa anasema habari ya panya."

Akamfungia samaki wake wawili, akatia siki kwa mmoja, akamtazama aliyefuata.